Pemba ni PMA, si POL

Miaka michache iliyopita ndugu zetu walioko Muscat walituletea kwa ndege kasha la dawa za mama yetu mkubwa, aishiye Chake Chake. Zilikuwa dawa za moyo, na akiba aliyobakiwa nayo ilikuwa ya siku chache. Siku ya ahadi tulikwenda kiwanja cha ndege, kasha hatukuliona. Tukenda siku ya pili na ya tatu, jibu likawa lile lile: mzigo haujafika. Siku ya saba ndipo ilipojulikana kwamba kasha lilikwisha fika Pemba salama usalimini, ila si Pemba yetu. Lilikuwa limewekwa ghalani katika mji wa Pemba, jimbo la Cabo Delgado, kaskazini ya Msumbiji.

Hapana aliyeiba, wala hapana aliyekusudia ubaya. Karani aliyeandika hati ya mzigo aliona neno Pemba, akaandika POL, ilhali alitakiwa kuandika PMA. Kwa herufi mbili hizo mama yetu mkubwa alikaa siku nne bila ya dawa, na usiku mmoja katika hizo tulimkimbiza hospitali hali hatuna hakika kama tutarudi naye. Alhamdulillahi, tulirudi naye.

Tangu siku ile tumekuwa tukizitazama herufi hizi kwa jicho jingine, na tunaona ni wajibu wetu kuwaeleza wananchi wenzetu, na viongozi wa ofisi zetu, asili yake na uzito wake.

Herufi hizi tatu hutolewa na IATA, umoja wa mashirika ya ndege ya dunia ulioasisiwa mjini Havana, Cuba, mwaka 1945. Kila kiwanja kinachopokea abiria wa mashirika hayo hupewa zake, ndizo zinazoandikwa katika tiketi, katika hati za mizigo na katika kile kikaratasi kinachofungwa kwenye mkono wa sanduku. Herufi za Kirumi ni 26, na zikipangwa tatu tatu kwa kila namna hazizai zaidi ya majina 17,576. Kwa hiyo si kila mji hupata herufi uzipendazo. Sisi wa Unguja tulibahatika: ZNZ haina mwenye kuikosea. Dar es Salaam ni DAR, Mombasa ni MBA na Mafia ni MFA, ambapo kiwanja cha Kilimanjaro kimechukua mkia wa jina lake kikawa JRO.

Fauka ya hayo, marubani na waongozaji ndege wana herufi zao nne, zinazosimamiwa na ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa. Kwa hesabu hiyo Unguja ni HTZA na Pemba ni HTPE. Herufi H huonyesha eneo letu la Afrika, T ni Tanzania, na mbili za mwisho ni za kiwanja chenyewe. Huko hapana wa kutuchanganya na Msumbiji, maana nchi imekwisha tajwa kabla ya mji. Upungufu wa zile herufi tatu ni kwamba hazitaji nchi.

Sasa POL imetoka wapi, na mji wenyewe unaitwa Pemba? Imetoka kwa Wareno. Chini ya utawala wao mji ule uliitwa Porto Amélia, kwa jina la malkia wa Ureno. Msumbiji ilipojikomboa mwaka 1975 jina la malkia liliondolewa, mji ukaitwa Pemba. Liliondoka katika ramani na katika vibao vya barabara, walakini likabaki katika tiketi. Hata leo msafiri aendaye huko huvaa kipande cha jina la malkia juu ya sanduku lake.

Wala si huko tu. Saint Petersburg ya Urusi ni LED, kwa jina la Leningrad lililoachwa mwaka 1991. Mumbai ni BOM, kwa jina la Bombay. Mji wa Ho Chi Minh, Vietnam, bado ni SGN, yaani Saigon. Kwa upande mwingine Maputo ni MPM na Harare ni HRE, herufi zitokazo katika majina mapya. Astana, mji mkuu wa Kazakhstan, ilichukua TSE ya Tselinograd mpaka mwaka 2020, ndipo ikapewa NQZ. Kubadilisha kunawezekana, lakini ni kazi nzito, na herufi zikishazoeleka katika biashara ya dunia aghalabu hubaki. Kiwanja chetu cha Unguja kilipopewa jina la Mzee Abeid Amani Karume mwaka 2010, ZNZ haikuguswa.

Ndugu zetu wa Cabo Delgado, ambao Kimwani chao ni jirani wa Kiswahili chetu, ndio wenye kuamua habari ya POL. Letu sisi ni kujilinda tusipotee.

Wako watakaosema kwamba herufi tatu ni jambo dogo. Tuliosoma chuoni tunajua kwamba nukta moja, ikitoka chini ya herufi ikapanda juu, katikati ya neno, bee hugeuka nuni, na maana nzima ikaharibika. Mwalimu hakusema ni nukta tu, alituamuru turudie.

Kwa hiyo tunazitaka ofisi zote zinazoagiza vifaa na dawa, au zinazowakatia watumishi tiketi, zisiandike Pemba peke yake. Ziandike Pemba, Zanzibar, Tanzania, kisha PMA. Makarani wa mizigo wafundishwe hivyo tangu siku ya kwanza ya kazi. Na kila mwananchi mwenye jamaa ng'ambo ampelekee herufi hizo pamoja na salamu, na kabla ya kuupa mkono mzigo wake akisome kikaratasi kilichofungwa. Kusoma huko hakuchukui hata dakika moja.

Mama yetu mkubwa hakupata kusoma skuli, na herufi za Kirumi hazijui ila hizo tatu. Alitutaka tumchoree juu ya karatasi, akaibandika ukutani karibu na kitanda chake. Kila wanapompigia simu watoto kutoka Muscat, kabla ya kuwauliza hali, huwaambia wamsomee walichoandika juu ya kasha.