Washairi Wawili na Wasia kwa Binti

Mliokwisha fika darasani kaeni, na mwenye redio aisogeze kidogo ili ndugu walio nyuma wasikie.

Leo nataka kusema habari ya swali linalowaangusha watu wengi katika mtihani: swali la kulinganisha washairi wawili. Nami liliniangusha zamani. Nilieleza shairi la kwanza kurasa mbili, nikaeleza la pili kurasa mbili, nikaweka kalamu chini, nikajiona fundi. Msahihishaji aliandika pembeni neno moja tu: “Basi?” Alikuwa na haki. Mwenye duka hapimi sukari kwa kuitazama. Huitia katika mizani, na upande wa pili akaweka jiwe. Mimi nilikuwa nimeweka sukari huku na jiwe kule, mizani nimeisahau nyumbani.

Tutwae mfano. Upande mmoja tuuweke Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858. Upande wa pili tuuweke Utenzi wa Hati, aliotunga Shaaban Robert akautia katika kitabu chake Maisha Yangu. Kila mmoja ni wasia wa mzazi kwa binti yake. Kila mmoja ni utenzi, maana yake beti zina mistari minne mifupi. Mitatu ya kwanza hupatana vina, na wa nne hushika kina kimoja kinachorudi ubeti hata ubeti.

Kabla ya kuuliza wanasema nini, uliza kwanza ni nani asemaye. Mwana Kupona binti Msham aliishi Siyu, katika kisiwa cha Pate, karibu na Lamu. Mumewe, Bwana Mataka, alikuwa mtawala wa Siyu aliyepigana na Sultani wa Unguja. Alipotunga utendi wake alikuwa mjane tena mgonjwa. Mwenyewe asema maradhi yamemshika mwaka mzima. Alifariki yapata mwaka 1860. Shaaban Robert alizaliwa mwaka 1909 karibu na Tanga, akawa karani wa serikali, akafa mwaka 1962. Yeye alifiwa na mkewe wa kwanza, akabaki na watoto. Basi hapa tuna mama anayekaribia kufa, na kule tuna baba anayesema kwa sababu mama hayupo tena.

Sasa tazameni jinsi wanavyoanza. Mwana Kupona amwita binti yake asogee, aketi, alete wino na karatasi. Shaaban Robert naye amtaka binti yake aketi, tena juu ya kiti, apate kuandika hati. Wote wawili wamempa mtoto wa kike kalamu. Msiseme katika mtihani kwamba wa pili aliiga kwa wa kwanza, maana hamna ushahidi; semeni tu kwamba mandhari ni moja. (Na mkikuta neno “ndoo” katika Kiswahili cha Lamu, msitafute kisima. Maana yake ni “njoo”.)

Tuje kwenye jambo la mume, maana hapo ndipo wanafunzi hugombana. Mwana Kupona asema radhi ya mume ni miongoni mwa radhi tano ambazo mwanamke azihitaji, pamoja na ya Mungu, ya Mtume, ya baba na ya mama. Na kwamba siku ya kufufuliwa, mume ndiye atakayeulizwa. Amwagiza binti amtunze mume kama mtoto mdogo asiyejua kusema, na akilala ampepee. Wengi wakisoma hapo huandika upesi kwamba mama huyu amfundisha binti utumwa. Ngojeni kidogo. Endeleeni kusoma mpaka mahali anapoeleza ndoa yake mwenyewe: kwamba yeye na baba wa binti huyo waliishi kwa furaha na kicheko, hawakuvunjiana heshima hata siku moja. Asemaye hivyo hasemi kwa hofu tu. Atoa ushahidi wa maisha aliyoyaonja. Mwaweza kukataa mafundisho yake, wala sitawazuia, lakini jibu linaloruka sehemu hiyo ni jibu la mtu aliyesoma nusu ya shairi.

Shaaban Robert naye hakumwacha mume nje ya wasia wake. Amtaka binti amheshimu. Lakini yeye hana ushahidi wa namna ile. Hakupata kuwa mke wa mtu. Kwa maoni yangu ndiyo sababu uzito wa utenzi wake umekaa mahali pengine, katika tabia ya binti kama mtu: asitwae asichopewa, asiape uongo. Sehemu kubwa ya maonyo hayo yangemfaa mvulana vilevile, na kwa kweli alitunga Utenzi wa Adili kwa ajili ya mwanawe wa kiume. Mwana Kupona asema na binti yake, kisha awaita wanawake wote wausome utendi wake. Shaaban Robert asema na binti, na mwanamume akisikiliza hawezi kusema hayamhusu.

Katika karatasi ya mtihani, basi, msigawe jibu kwa washairi. Gaweni kwa maswali. Ulizeni, “Mume ana cheo gani?” na katika fungu hilohilo wajibuni wote wawili, kwa maneno kama “ilhali” na “kinyume chake”. Kisha nendeni kwenye swali la pili.

Kazi ya wiki hii: andikeni fungu moja tu, mistari kumi, juu ya Mungu na dini katika tenzi hizi mbili. Mpeni mwalimu wenu siku ya Ijumaa. Kwaherini.