Barabara ya Ziwa: Kupanga Safari ya Taratibu kutoka Uvira hadi Fizi

Katika nchi ya Ureno ipo barabara iitwayo N2, ianziayo mji wa Chaves kaskazini na kukomea Faro kusini, mwendo wa kilomita 739, ambayo wasafiri huipitia bila haraka wakiwa na kijitabu mfano wa pasipoti, wakagongewa muhuri katika kila mji watuao. Na kwa mpango huo mdogo vijiji vya ndani hupata wageni wanaokula, wanaolala na wanaouliza habari. Nimeutaja mfano huu kwa kuwa sisi wana wa Fizi, mashariki ya Kongo, tuliotawanyika Tanzania, Ulaya, Marekani, Kanada na Australia, tunayo barabara yetu ya taifa, RN5, ipitayo Swima, na walakini wengi wetu tunapofikiri kurudi kuzuru nyumbani twaihesabu kuwa ni adha ya kumalizwa upesi baina ya uwanja wa ndege wa Bujumbura na mlango wa nyumba ya wazazi.

Kutoka Uvira hadi Baraka ni takriban kilomita 90, na kutoka Baraka kupanda hadi Fizi ni kama 35 zaidi, masafa ambayo mwenye haraka, ikiwa njia imekauka na madaraja yamesimama, aweza kuyamaliza kwa siku moja. Rai yangu ni kwamba yapewe juma zima.

Kabla ya kuingia katika vituo, sina budi kusema wazi juu ya amani. Mji wa Bukavu uliingia mikononi mwa waasi wa M23 Februari 2025, na Desemba ya mwaka uo huo vita vikaifikia Uvira, watu wengi wakavuka mpaka kukimbilia Burundi. Kwa hiyo haya niandikayo ni mpango wa kuwekwa tayari, si ruhusa ya kuondoka kesho. Siku itakapokuwa salama kupita, jamaa walioko huko ndio watakaojua, nao waulizwe kijiji kwa kijiji, kwa kuwa kimya cha Mboko hakidhamini hali ya Makobola. Lakini mpango wenyewe haufai kungojea amani ikamilike ndipo uanze kufikiriwa, maana wazee wajuao habari za vituo hivi wanazidi kupungua.

Na habari ya kwanza ya kujua ni kwamba barabara hii ni changa kuliko vituo vyake. Milima ya Mitumba huteremka kwa ukali mpaka karibu na maji, ikaacha ukanda mwembamba wa ardhi tambarare, mahali pengine hautoshi ila barabara, safu moja ya nyumba na migomba michache. Mito ya milimani huukata ukanda huo, na pale mto unapoingia ziwani hupatikana mchanga, maji matamu na mahali pa kupandisha mtumbwi. Huko ndiko watu walikojenga. Ziwa lenyewe, ambalo urefu wake ni karibu kilomita 670 na kina chake hufika mita 1,470, likipitwa kwa kina na Baikal peke yake duniani, ndilo lililokuwa njia kuu. Wahandisi wa enzi ya Wabelgiji walipokuja kulima barabara waliunganisha tu bandari ndogondogo zilizokwisha kuwapo. Atakaye kuifahamu njia hii na aipime kwa kipimo cha wapiga makasia, yaani mwendo mfupi, kisha kutua.

Wageni wa kwanza kuandika juu ya pwani hii walisafiri hivyo hivyo. Richard Burton na John Speke walifika Ujiji Februari 1858, na Aprili wakatoka na mitumbwi kuelekea kaskazini, wakavuka kwa kupitia rasi ya Ubwari, waliyoidhania kuwa ni kisiwa, hata tarehe 26 Aprili wakawasili Uvira. Na huko wakaambiwa na wenyeji kwamba mto Ruzizi huingia ziwani wala hautoki, habari iliyowavunja moyo, kwa kuwa walitumaini kuwa ndio chemchemi ya Nili. Livingstone na Stanley walikwenda kuushuhudia mto huo kwa macho yao Novemba 1871. Wote hao walitanguliwa na wafanyabiashara Waarabu na Waswahili wa Unyanyembe na Ujiji, waliokwisha kuifanya Uvira kituo chao cha kununua pembe na, kwa msiba wetu mkubwa, watu. Katika tarikh hiyo yenye uchungu ndimo ilimotoka lugha hii niandikayo, na ndimo zilimotoka sala zisikikazo alfajiri katika misikiti ya Baraka.

Majira ya kufaa ni kiangazi, kuanzia mwezi wa sita hadi wa nane, kwa sababu masika hushusha mawe na matope kutoka milimani, na daraja moja likichukuliwa na maji, njia nzima husimama. Msafiri asisahau pia kwamba ziwa limekuwa likipanda katika miaka ya karibuni, likala nyumba na vipande vya barabara huko Uvira na Baraka. Kwa hiyo ramani ya zamani isiaminiwe sana. Achague gari la juu lenye dereva mzaliwa wa njia hii, achukue dola safi ambazo hazijachanika pamoja na franka za kutosha za noti ndogo, na hati zake zote ziwe karibu kwa ajili ya bariyeri za barabarani, mahali ambapo salamu ya heshima na subira hufaa kuliko sauti kubwa. Tena atazame mwezi kabla ya kukata tiketi: wavuvi wa ndakala, yaani dagaa, huvua usiku kwa taa, na mbalamwezi hutawanya samaki, hivyo afikaye wakati wa giza ndiye atakayezikuta fukwe zimejaa.

Uvira nausemea kwa ufupi, kwa kuwa ni mji unaojulikana: alale usiku mmoja, aione bandari ya Kalundu, kisha aondoke mapema.

Makobola hapahitaji muda mrefu, bali hapafai kupitwa. Mwishoni mwa Desemba 1998 na mwanzoni mwa Januari 1999, askari wa uasi wa RCD na washirika wao waliua hapa mamia ya raia, na ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa 2010 imeyaandika mauaji hayo pamoja na mengine mengi ya mashariki ya Kongo. Nawasihi vijana wetu waliozaliwa ughaibuni, ambao huyasikia haya katika vilio vya matanga tu, washuke garini, wawasalimu wenyeji, waombe kuonyeshwa mahali, wala wasitoe simu za kupigia picha mpaka waruhusiwe.

Kisha Swima. Mtaniwia radhi nikikaa hapa kidogo zaidi ya ninavyokaa penginepo. Swima iko katika sekta ya Tanganyika, moja ya sekta nne za wilaya ya Fizi, nyingine zikiwa Mutambala, Ngandja na Lulenge. Na asiyepajua aweza kupapita akidhani ameona nyumba tu, asijue kwamba uzuri wa mahali hapa umo katika saa zake. Alfajiri mitumbwi hurudi, na kina mama hungoja mchangani na mabeseni, bei ikipatanwa kabla jua halijatoka milimani. Baadaye ndakala huanikwa, na kufikia adhuhuri pwani nzima hung'aa kama fedha iliyomwagwa. Mgeni aketi hapo mpaka jioni. Ale ugali wa muhogo na sombe ya majani ya muhogo iliyotiwa mawese, na akijaliwa apate mukeke wa kuchoma, samaki ambaye sisi tulio mbali twamla kwa jina tu. Asubuhi ya pili apande na mwenyeji kuelekea mashamba ya mihogo na michikichi, aone jinsi ziwa linavyoonekana kutoka juu. Ndipo atakapofahamu kwa nini Wabembe, ambao asili yao ni watu wa milimani na misituni, walishuka hata wakawa majirani wa maji pamoja na Wabwari, Wamasanze na Wabuyu waliokuwa wakiyajua maji hayo zamani.

Mbele kuna Mboko na soko lake, na baadaye Lusenda, ambako tangu 2015 wamepokewa wakimbizi wa Burundi kwa makumi ya maelfu. Kwetu sisi kituo hiki kina uzito wa pekee. Mwaka 1996 vita vilipotufukuza, wengi wetu walivuka ziwa kwenda Kigoma, wakawekwa katika kambi za Nyarugusu na Lugufu. Na leo watu wa pwani ile ile, ambao baadhi yao wamezaliwa au kulelewa katika kambi za Tanzania, ndio wanaowagawia wengine ardhi, kuni na visima. Msafiri anunue mahitaji yake katika soko la Mboko, kwa kuwa fedha itokayo mkononi mwa mpita njia hufaa papo kwa papo.

Baraka ni mahali pa kulala siku tatu. Mji huu umekaa juu ya ghuba iliyopewa jina la Burton katika ramani za kigeni, na ng'ambo yake imenyooka rasi ya Ubwari. Gatini hapa ndipo, kuanzia 2005, meli zilizotoka Kigoma ziliposhusha familia zilizokuwa zikirejea kutoka kambini. Siku moja itolewe kwa boti, asubuhi mapema kabla upepo wa kusi haujapata nguvu, kwa nia ya kuzuru pwani ya Kibanga, ambako Mapadri Weupe walianzisha misheni yao 1883. Kibamba, ambako Che Guevara alitua kutoka Kigoma Aprili 1965 kuwasaidia waasi wa Simba, akaondoka Novemba bila ya kufanikiwa, iko kusini zaidi, nayo yataka safari yake mbali; lakini jioni moja na wazee wa Baraka waikumbukao vita ile, wakati mamluki wa Mike Hoare waliposhuka katika mji huu huu, humpa msikilizaji mengi kuliko kuliona gofu lolote. Aulize kwa adabu, aache mzee aanze anapotaka yeye.

Toka Baraka njia huliacha ziwa na kupanda. Fizi, makao makuu ya wilaya, iko juu penye baridi kiasi, na usiku mmoja watosha kwa mwenye kutafuta mandhari, ila mwenye kutafuta ukoo wake huenda akahitaji wiki. RN5 huendelea kusini kupitia Lulimba kuelekea lililokuwa jimbo la Katanga, lakini huko kuna machimbo ya dhahabu, makundi yenye silaha na masafa marefu yasiyo na mahali pa kulala, kwa hiyo mwenye mpango wa juma moja na ageuze gari Fizi, arudi Baraka mchana.