Chini ya Ardhi Si Zimwi, ni Maji

Juma lililopita nilikwenda kumjulia hali dada yangu. Baada ya swala ya alasiri nikamkuta mwanawe, kijana wa miaka kumi na mitatu, amekodoa macho kwenye televisheni huku vidole vikibofya vitufe. Humo ndani mtu aliyejifunika kofia ya joho alikuwa akinyatia gizani kati ya nguzo ndefu, chini yake maji yakimeta.

"Shikamoo, mjomba. Ningoje kidogo, nikiwamaliza hawa napata ufunguo."

"Marahaba. Na hapo ni wapi?"

"Ni mchezo tu, mjomba. Chini ya ardhi ndiko waliko maadui na hazina."

Sikumlaumu. Tangu Gary Gygax na Dave Arneson watoe mchezo wao wa Dungeons & Dragons huko Marekani mwaka 1974, watungaji wa michezo wameshika njia hiyo hiyo: mfereji wa giza, gofu, na mwisho wake zimwi limelalia dhahabu.

Lakini jumba lile alilokuwamo mpwa wangu lipo kweli. Mchezo wenyewe ni Assassin's Creed Revelations wa mwaka 2011, na mahali penyewe ni Yerebatan mjini Istanbul, karibu na Ayasofya. Ni birika la maji lililojengwa katika karne ya 6, zama za Mfalme Justinian. Urefu wake ni kiasi cha mita 138 na upana mita 65. Lina nguzo 336 zilizosimama safu 12, kila moja ikikaribia mita 9 kwenda juu, nyingi zikiwa zimetolewa katika majengo ya kale zaidi. Maji yaliletwa kwa mifereji kutoka msitu ulio kaskazini ya mji, safari ya kilomita 19 hivi.

Baada ya Waturuki kuutwaa mji mwaka 1453, watu walipendelea maji yanayotiririka kuliko yaliyotuama, na birika likasahauliwa na wakubwa. Lakini wenyeji waliokaa juu yake hawakulisahau. Katika miaka ya 1540 mtaalamu mmoja wa Kifaransa, Petrus Gyllius, alipata habari kwamba watu huteremsha ndoo katika matundu ya sakafu za nyumba zao wakapata maji, na hata samaki. Akashuka humo kwa mashua na mienge, akazipima nguzo.

La ajabu, wasomaji wangu, ni kwamba zimwi limo kweli humo ndani. Nguzo mbili zimekalia vichwa vya mawe vya Medusa, yule mwanamke wa hadithi za Kiyunani mwenye nywele za nyoka. Kimoja kimelazwa ubavu, kingine kimepinduliwa juu chini. Zimwi lenyewe limetiwa kazini, libebe nguzo ili watu wapate maji.

Sisi tumefanya kinyume. Mtaani kwetu palikuwa na kisima kando ya gofu la msikiti wa zamani. Utotoni tuliambiwa kina majini, tukakitupia mawe na kukimbia. Wakubwa nao wakakitupia taka. Leo kimejaa mpaka mdomoni, na mifereji ya nyumbani ikikauka, akina mama wananunua maji ya mitungi kwa wasukuma mikokoteni, hatua chache kutoka hapo.

Hata Gede, mji uliohamwa katika karne ya 17, husemwa kuwa una mizuka. Lakini James Kirkman alipoanza kuufukua mwaka 1948, alichotuonyesha ni visima, vyoo, na kando ya msikiti mkuu kisima na birika la udhu. Ni kazi ya watu waliojali tahara na majirani zao.

Nilimweleza mpwa wangu hayo yote. Akausimamisha mchezo, akanitazama.

"Mjomba, na kile kisima chetu hakiwezi kufukuliwa?"

Sikuwa na jibu la kumpa. Ijumaa hii, inshallah, nitawauliza wazee wa msikiti, naye nitakwenda naye aulize mwenyewe.