Jua la Bagamoyo Halizami Baharini

Swali ni lile lile kila mwisho wa wiki. Wageni wanafika Bagamoyo kutoka Dar es Salaam saa 10 jioni, wanatua mizigo gesti, na kabla hata ya kuulizia chakula wanamuuliza kijana wa mapokezi: "Jua likizama baharini linapigwa picha vizuri kutokea wapi?" Wakiambiwa hakuna mahali kama hapo, hawaridhiki. Wanamuuliza wa bodaboda, naye anawafikisha ufukweni kwa kuwa ndiko walikotaka kwenda. Hapo wanasimama na simu zao wakiikodolea macho bahari inayozidi kuwa ya kijivu, huku jua likiwa limeshatumbukia kitambo nyuma ya minazi, migongoni mwao.

Jibu halijawahi kubadilika. Bagamoyo iko kwenye pwani ya mashariki ya Afrika. Bahari iko mashariki, bara liko magharibi. Jua huchomoza baharini na kuchwea nchi kavu, upande wa Msata na Chalinze. Hakuna hoteli, wala jabali, wala kichochoro cha siri kitakachoweza kuligeuza. Mwenye simu ya laki tatu na mwenye kamera ya milioni tano wako sawa mbele ya jambo hili.

Ukweli huu ungepaswa kujulikana na kila aliyewahi kutazama ramani ya Tanzania ukutani darasani. Hata hivyo imani ya machweo ya baharini haing'oki, na inafaa kuchimbuliwa hadi mzizi wake, kwa sababu ndiyo inayowaharibia wageni wengi safari nzima.

Mzizi wa kwanza uko ng'ambo ya mkondo wa bahari. Mji Mkongwe wa Unguja umejengwa upande wa magharibi wa kisiwa. Anayekaa Forodhani jioni anaangalia bara, na kati yake na bara kuna bahari; ndiyo maana jua linazama majini mbele yake na jahazi zinapita katikati. Kendwa ni hivyo hivyo, na Nungwi pia kwa sehemu yake inayotazama magharibi. Picha hizo zimesambaa kiasi kwamba zimekuwa ndiyo sura ya pwani yote ya Waswahili. Lakini mtu akivuka kisiwa hicho hicho hadi Paje au Jambiani, mambo yanageuka kabisa: kule jua huchomoza majini na kuzama nyuma ya vijiji. Wageni wa Paje nao huuliza swali la Bagamoyo, na wenyeji wanaojua huwaelekeza Michamvi Kae, ambako rasi imejikunja na kuangalia Ghuba ya Chwaka upande wa magharibi.

Dar es Salaam ina funzo lile lile ndani ya rasi moja. Coco Beach inatazama mashariki, kwa hiyo jioni jua liko nyuma ya magari yaliyoegeshwa. Slipway, upande wa pili wa Rasi ya Msasani, inatazama ghuba kwa magharibi, na machweo yake juu ya maji ni ya kweli. Haihitaji utaalamu wa nyota. Inahitaji dira, na kila simu inayo.

Mzizi wa pili ni mbaya zaidi, kwa sababu ni wa kujitakia. Siku hizi dawa ya tatizo hili inauzwa ndani ya simu: programu inafuta anga iliyopigwa na kubandika nyingine yenye jua jekundu linalogusa maji. Picha za namna hiyo za "machweo ya Bagamoyo" zimetumika hata kuuzia vyumba vya kulala wageni. Hii si sanaa, ni udanganyifu kwa msafiri anayelipa nauli, na unatambulika kwa urahisi mno. Jioni ya Bagamoyo vivuli vyote hulala kuelekea baharini, kwa kuwa jua liko bara. Likibandikwa jua juu ya upeo wa bahari, kivuli cha ngalawa kinaonekana kikikimbilia jua. Kivuli hakifanyi hivyo popote duniani. Nyuso za watu nazo zimewaka mwanga wa mbele wakati jua linadaiwa kuwa nyuma yao, na maji hayana ule mstari unaong'aa kutoka kwenye jua hadi miguuni pa mpiga picha. Mvuvi wa miaka 12 ataiona kasoro hiyo kabla ya kuulizwa.

Wapo pia wanaotetea imani yao kwa ushahidi: wana picha halisi, isiyoguswa, ya mpira mwekundu juu ya bahari ya Bagamoyo. Wanayo, hakuna ubishi. Ama ni picha ya macheo iliyopewa jina la machweo, ama ni mwezi. Na hapa ndipo penye hasara kubwa, maana mwezi mpevu wa Bagamoyo ni bora kuliko hayo machweo wanayoyatafuta. Siku ya mwezi mpevu, mwezi hutoka baharini karibu na muda ule ule jua linapochwea bara. Siku moja kabla yake hutoka mapema kidogo, wakati bado kuna mwanga wa kutosha kuonyesha mashua na watu. Juu ya maji, angani hutanda ukanda wa waridi, na chini yake ukanda wa buluu iliyoiva ambao ni kivuli chenyewe cha dunia kikipanda angani. Yote hayo yanatokea mashariki, mbele ya macho ya watu walioamua kuwa wamekosa kitu na kwenda kuagiza chipsi.

Jioni ya kawaida, bila mwezi, nayo si ya kutupwa. Jua la bara linamulika tanga na ubavu wa mashua kwa mbele, na rangi zinakolea. Kikwazo ni minazi na majengo yaliyo nyuma ya ufukwe. Dakika 40 kabla ya machweo, jua likiwa nyuzi 10 hivi juu ya upeo, mnazi wa mita 15 hutoa kivuli cha mita 85. Kwa hiyo ufukwe wa juu umeshaingia gizani wakati vyombo vilivyo majini bado vinang'aa. Anayepiga picha asogee kule kwenye maji, au aanze saa nzima kabla ya hapo.

Vitabu vya upigaji picha vilivyoandikwa Ulaya vinaongeza mkanganyiko. Vinazungumzia saa ya dhahabu, na kule inaweza kweli kukaribia saa: London mwezi Juni jua hushuka kwa mshazari, na nyuzi 6 za mwisho humaliza dakika kama 50. Bagamoyo iko nyuzi 6 na nusu kusini mwa ikweta. Jua hupanda na kushuka karibu wima, na nyuzi hizo 6 humalizika kwa dakika 25 tu. Kufikia saa 3 asubuhi jua liko juu sana na nyuso zinaanza kuwa na mashimo meusi machoni. Mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 9 au 10 Oktoba, saa za mchana linapita utosini kabisa, na mtu anakanyaga kivuli chake. Hakuna filta ya kutibu hilo.

Basi swali sahihi si "wapi" peke yake. Ni saa ngapi, na maji yako wapi.

Maji ndiyo jambo ambalo wageni hawaliulizi kabisa, wakati wavuvi wanapanga maisha yao yote kwayo. Pwani hii maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi. Wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hupita mita 3. Kwa kuwa ufukwe wa Bagamoyo umelala tambarare, bahari hurudi nyuma mamia ya mita na kuacha mchanga, tope na vyombo vilivyolala ubavu. Wakati wa maji mafu, wiki moja baadaye, tofauti hiyo hupungua sana na ufukwe haubadiliki kwa kiasi kikubwa.

Faida iko kwenye mpangilio wake, ambao hurudia karibu sawasawa. Siku za bamvua maji hujaa karibu saa 10 alfajiri na saa 10 jioni au baada yake kidogo, na hupwa karibu saa 4 au 5 asubuhi. Kwa hiyo macheo ya bamvua hukuta vyombo bado vinaelea, na saa 4 vimekaa mchangani na mafundi wanaweza kuvizunguka wakivikagua. Jioni ya mwezi mpevu maji bado yako karibu na ufukwe wakati mwezi unatoka. Jedwali la maji la bandari ya Dar es Salaam linatosha kwa Bagamoyo. Asiye nalo amuulize mvuvi yeyote.

Mwezi nao wa mwaka una neno lake. Pwani kutoka Dar es Salaam inapanda kuelekea kaskazini-magharibi, hivyo ufukwe wa Bagamoyo unatazama kaskazini-mashariki. Juni jua huchomoza karibu mbele kabisa ya mtu aliyesimama mchangani. Desemba limesogea mkono wa kulia, upande wa Mbegani, kusini mwa mji. Na anayeota maji ya samawati ya vipeperushi asije wakati wa masika: mto Ruvu unamwaga maji yake baharini kaskazini mwa mji, na mvua zikikolea unashusha tope lake lote. Maji yanakuwa ya hudhurungi. Yana uzuri wake kwa anayekubali kuyapiga picha jinsi yalivyo.

Sasa Mbegani yenyewe, ambayo magazeti huitaja kwa habari za bandari kubwa ambayo makubaliano yake yalitiwa saini mwaka 2013 kuliko kwa kitu kingine. Hapa pana kighairi cha haki katika maelezo yote ya juu. Mbele ya Mbegani kuna rasi ndefu ya mchanga, Ras Luale, inayofunga ghuba tulivu kati yake na bara. Anayevuka kwa boti hadi kwenye rasi hiyo na kugeuka kutazama alikotoka ana maji mbele yake na mikoko upande wa pili, na jua huchwea huko. Si bahari kuu, na linazama nyuma ya mikoko badala ya kwenye upeo wa maji, lakini mng'ao wake juu ya maji ni wa kweli na hakuna aliyeubandika. Mapatano na mwenye boti yafanyike mapema pamoja na saa ya kurudi, kwa kuwa ghuba hukauka sehemu kubwa maji yakipwa. Chuo cha uvuvi kilichopo Mbegani ni mali ya serikali. Ruhusa iombwe getini kabla ya kamera kutolewa begini.

Ng'ambo kidogo ya ghuba hiyo, Mlingotini, akina mama wanalima mwani. Kazi yao iko siku za bamvua maji yanapopwa, kati ya saa 3 na saa 5 asubuhi, jua likiwa kali. Kofia, miwani, na hodi kwanza: ile ni kazi ya watu, wala hakuna anayelazimika kuinuka na kutabasamu kwa ajili ya mgeni.

Mengine kwa haraka. Kaole, kati ya Mbegani na mji, ina mabaki ya msikiti wa karne ya 13 na makaburi ya mawe ya matumbawe yaliyochimbuliwa na mwanaakiolojia Neville Chittick mwaka 1958. Mpiga picha aende mara tu lango linapofunguliwa au saa za mwisho, mwanga wa pembeni uonyeshe mikwaruzo ya mawe, kwani saa 6 mchana yote huwa bapa. Mikoko iliyoziba bandari yake ya kale ipigwe picha pia, ndiyo inayoeleza kwa nini Kaole ilikufa. Mchana wa jua kali ni wa kivuli: njia ya miembe ya misheni ya Kikatoliki iliyoanzishwa mwaka 1868, na mnara ulipolazwa mwili wa mmisionari David Livingstone Februari 1874. Milango ya kuchonga ya mji mkongwe wa Bagamoyo inapendeza siku ya mawingu. Boma la Wajerumani la mwaka 1897 lahitaji lenzi pana na subira ya kungoja pikipiki zipite. Soko la samaki ni la asubuhi, mnada ukianza. Dalali asizibiwe njia. TaSUBa, chuo cha sanaa cha mjini, wana maonyesho ya ngoma, na kanuni za kupiga picha ziulizwe kwao. Saadani, mbuga inayogusa bahari, si ya kuunganishwa na safari hii kwa siku moja. Droni haipai bila kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga.

Watoto wasipigwe picha bila mzazi kujua. Aliyeahidi kumtumia mtu picha yake aandike namba pale pale na aitume.

Kutoka Dar es Salaam ni kilomita 70 hivi, na jua huchomoza kati ya saa 12 na saa 12 na nusu asubuhi kutegemea mwezi. Daladala ya kwanza haitamfikisha mtu kwa wakati huo. Anayetaka macheo alale Bagamoyo, amwombe mlinzi wa gesti amfungulie geti saa 11 alfajiri, na saa 11 na nusu awe amesimama mchangani akitazama baharini.