Msumeno wa Umeme na Amana ya Mikono

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Ndugu zangu Waislamu, na khasa ninyi vijana mnaojifunza useremala! Kazi mliyoishika ni kazi tukufu, kwani imepokewa katika Sahihi Muslim ya kuwa Nabii Zakaria, amani iwe juu yake, alikuwa seremala. Lakini chombo cha leo si kile cha zamani. Bledi ya msumeno wa umeme wa mkononi huzunguka mara 5,000 kwa dakika na pengine zaidi, wala haipambanui baina ya ubao wa mninga na kidole cha mwanaadamu.

Chini ya msumeno huo pana kinga ya chuma yenye springi. Ubao ukikatwa, kinga hurudi nyuma. Ubao ukimalizika, hujifunga yenyewe ikayafunika meno. Vumbi likichanganyika na utomvu wa mbao huganda kama gundi, na kinga ikawa nzito. Hapo ndipo baadhi ya mafundi huifunga kwa waya ibakie wazi daima, wapate kwenda upesi. Fundi wa namna hiyo akiuweka msumeno chini kabla bledi haijasimama, meno hushika sakafu, nao hukimbilia mguu wake au wa mwanagenzi aliye karibu. Na yote hayo ni kwa uchafu ambao ungaliondoka kwa burashi.

Basi fahamuni namna ya kuusafisha. Kwanza, chomoa plagi ukutani, au toa betri ikiwa ni msumeno wa betri. Kuiacha swichi bila kuigusa hakutoshi, kwani kidole kikiteleza msumeno utawaka mkononi mwako.

Pili, funika pua na mdomo, kwa kuwa vumbi la mbao ni miongoni mwa visababishi vya saratani. Kisha pangusa kwa burashi kavu matundu ya hewa na pembe zote za kinga. Mota haioshwi kwa maji kamwe.

Tatu, fungua nati ya bledi kwa spana. Katika misumeno mingi hufunguka kwa kuzungushwa upande uzungukao bledi. Ioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, sugua utomvu, uikaushe barabara. Bledi chafu hupata joto, huunguza ubao, na yaweza kunasa msumeno ukaruka kumrudia fundi.

Nne, irudishe bledi, uivute kinga kwa mkono na kuiachilia. Isipojifunga upesi, msumeno huo haufai kazi mpaka utengenezwe. Utazame na waya wa umeme. Uliochubuka hubadilishwa, haufungwi kitambaa.

Wako watakaosema kuwa ajali ni kadari. Kadari tunaiamini, lakini Mwenyezi Mungu ametukataza, katika Sura ya Baqara aya ya 195, kujitia wenyewe katika maangamizo. Naye Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwaamrisha wapitao na mishale msikitini au sokoni wazishike ncha zake wasije wakamdhuru Mwislamu. Mshale ule ulikuwa umetulia mkononi. Sembuse meno yazungukayo?

Ewe fundi, mwanagenzi wako ameletwa na mzazi wake akiwa na vidole kumi. Hiyo ni amana. Ukate waya ule leo.

Wabillahi tawfiq.