Kerala na Watu Wake Walioko Ghuba

Kerala ni jimbo la kusini-magharibi mwa India, ukanda mwembamba wa ardhi uliobanwa kati ya Bahari ya Arabu na milima ya Ghats ya Magharibi, wenye eneo la takriban kilomita za mraba 38,900 na, kwa sensa ya mwaka 2011, wakazi zaidi ya milioni 33. Liliundwa tarehe 1 Novemba 1956, India ilipopanga upya majimbo yake kwa kufuata lugha, na hivyo wasemaji wa Kimalayalam wa zilizokuwa falme za Travancore na Cochin wakaunganishwa na wenzao wa wilaya ya Malabar, iliyokuwa sehemu ya jimbo la Madras. Kwa msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki nchi hii si ngeni kabisa, kwa kuwa ni pepo za msimu zilizomvusha Vasco da Gama kutoka Malindi hadi pwani ya Kozhikode mwaka 1498, akiongozwa na rubani aliyempata Malindi, katika njia ambayo mabaharia wa Bahari ya Hindi walikuwa wakiifahamu karne nyingi kabla yake. Na minazi, mihogo, mafenesi na kamba za makumbi ni mambo ya kila siku huko kama yalivyo huku.

Katika zama hizi Kerala inajulikana zaidi kwa watu wake walioondoka. Bei ya mafuta ilipopanda mwaka 1973 na nchi za Ghuba zikaanza kujenga miji, bandari na hospitali kwa haraka, Wamalayali, yaani watu wa Kerala, walikuwa miongoni mwa wa mwanzo kuitikia, na utafiti wa mwaka 2018 ulioegemea kaya za jimbo hilo ulikadiria kwamba wenyeji wake wapatao milioni 2.1 walikuwa wakiishi nje ya India, karibu tisa katika kila kumi wakiwa Ghuba. Nchi hizo kwa kawaida hazimpi mgeni uraia, kibali chake cha kukaa hufungamanishwa na ajira, na mwenye mshahara mdogo haruhusiwi kumchukua mke wala watoto. Kwa hiyo Mmalayali wa Ghuba hujihesabu kuwa mpita njia hata akikaa miaka thelathini, na hamu yake ya kwao haipoi, kwa sababu hakuna kwao kwingine anakoruhusiwa kukuanzisha.

Hamu hiyo haihusu sana vitu vinavyonunulika. Maduka ya Dubai, Doha na Maskati huuza mchele mwekundu wa Kerala, ndizi zilizokatwa vipande vyembamba na kukaangwa kwa mafuta ya nazi, na kudampuli, tunda linalokaushwa kwa moshi mpaka likawa jeusi, ambalo ndilo huutia ukali mchuzi wa samaki. Mikahawa midogo hupika puttu, unga wa mchele uliopangwa kwa zamu na nazi iliyokunwa ndani ya bomba na kuivishwa kwa mvuke, na muhogo wa kuchemsha kwa mchuzi wa samaki, mlo uliokuwa wa maskini na sasa huliwa na kila tabaka. Kinachoshindikana ni kile kisichongoja safari: tembo la mnazi, kwa mfano, huchacha kadiri saa zinavyopita, hivyo hunywewa pale pale katika vilabu vya kando ya mito, pamoja na samaki wa pilipili nyingi, na hakuna ndege inayoweza kulifikisha likiwa tamu.

Kubwa kuliko chakula ni mvua. Pepo za kusini-magharibi hutua Kerala mnamo mwanzo wa Juni, kabla ya kufika sehemu nyingine nyingi za India bara, na tarehe ya kuingia kwake hutangazwa rasmi kila mwaka na idara ya hali ya hewa. Wakati huo huo shule hufunguliwa, na watoto huanza mwaka mpya wa masomo wakiwa na miavuli mipya. Jimbo hupata wastani wa milimita 3,000 za mvua kwa mwaka. Katikati ya Julai huingia mwezi wa Karkidakam, ambamo watu hunywa uji wa mchele uliotiwa mitishamba, na nyumba za Kihindu husoma utenzi wa Ramayana kila jioni. Miezi hiyo hiyo huko Ghuba joto hupita nyuzi 40, na katika Falme za Kiarabu sheria hukataza kazi za juani saa za mchana kuanzia katikati ya Juni hadi katikati ya Septemba. Kalenda ya mwili wa Mmalayali na kalenda ya mahali anapofanya kazi huwa zimepishana kabisa.

Baada ya mvua hizo huja Onam, sikukuu ya mavuno iangukayo Agosti au Septemba, inayosemekana kuwa ndio wakati mfalme Mahabali wa visa vya kale, ambaye zama zake watu wote walikuwa sawa, hurejea kuwatazama raia wake. Ingawa asili yake ni ya Kihindu, Waislamu na Wakristo, ambao kwa pamoja ni zaidi ya theluthi moja ya wakazi, wengi wao hushiriki. Kiini chake ni sadya, karamu isiyo na nyama iandaliwayo juu ya jani la mgomba: ncha nyembamba ya jani huelekezwa kushoto kwa mlaji, achari na vikaango huwekwa kwanza, kisha wali na mboga za aina nyingi, mwisho payasam, ambayo ni uji mtamu wa maziwa au tui, na mlaji akisharidhika hulikunja jani kuelekea kwake. Ghuba karamu hii huandaliwa kwa ukamilifu, ila mara nyingi haiwezi kufanyika kwa siku yake, kwa kuwa kumbi ni chache na mapumziko ni ya mwisho wa juma tu, hata sherehe za Onam za vyama mbalimbali huendelea kwa wiki nyingi baada ya Onam yenyewe kupita. Sikukuu husafirishika, siku yake haisafirishiki.

Jambo jingine analolikosa Mmalayali, ambalo wageni hawalitarajii, ni siasa. Kerala ilichagua serikali ya Kikomunisti kwa kura mwaka 1957, watu wake wajuao kusoma na kuandika walifikia karibu asilimia 94 mwaka 2011, na kijiji bila maktaba, magazeti na kibanda cha chai ambamo magazeti hayo hubishaniwa ni nadra. Mtu aliyezoea kubishana na mwajiri wake, kugoma na kumkosoa waziri kwa jina hujikuta Ghuba katika nchi ambamo kwa kawaida vyama vya siasa havipo na migomo hairuhusiwi, na ubishi wake huuhamishia katika vyama vya utamaduni.

Hata hivyo fedha zinazotumwa nyumbani zimeigeuza Kerala inayokumbukwa. Mashamba ya mpunga, yaliyokuwa na hekta 880,000 hivi katikati ya miaka ya 1970, yamebaki takriban 200,000, mengine yakiwa yamefukiwa ili kujengwa nyumba, mpaka sheria ya kuyalinda ikapitishwa mwaka 2008. Kazi nyingi za ujenzi na mashamba sasa hufanywa na vibarua kutoka Assam na Bengali ya Magharibi, ambao nao wana majimbo yao ya kuyakumbuka. Anayerudi kutoka Ghuba mara nyingi hulikuta shamba alilolilia liko chini ya nyumba aliyoigharimia mwenyewe.

Vijana wa leo wanazidi kuelekea Kanada, Uingereza na Ujerumani, wengi wakiwa wauguzi na wanafunzi, katika nchi ambazo sheria zinaweza kumruhusu mhamiaji kuleta familia na hatimaye kupewa uraia. Kwa miaka hamsini wahamiaji wa Ghuba walilazimika kurudi, wapende wasipende, na kulazimika huko ndiko kulikozidumisha nyumba, sikukuu na ndoa za Kerala. Watakaopewa ruhusa ya kubaki wataamua wenyewe kama hamu hiyo inatosha kuwarudisha.