Kakao ya Kyela: Amana Iliyo Mnadani

Kila mkaazi wa visiwani anamjua dalali. Alfajiri, pale dikoni, mvuvi hushusha fungu lake la jodari au nguru, kisha akakaa kando kimya, na mtu mwingine ndiye apazaye sauti kwa niaba yake. Samaki yupo chini mbele ya macho ya wote. Bei ikifika mwisho wake, fedha hutoka mkono hadi mkono, dalali akachukua chake, na shughuli ikamalizika kabla jua halijawa kali.

Tumeukumbuka mnada huo kwa kuwa leo twataka kuwazungumzia ndugu zetu wa Kyela, kwenye ufuko wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, ambao mali yao inauzwa na dalali wasiyemwona kwa wanunuzi wasiowaona.

Kyela ni nchi ya bonde, yenye mvua nyingi na mito iteremkayo kutoka milimani: Kiwira, Mbaka, Lufilyo. Watu wa mijini huisifu kwa mchele wake. Lakini katika vivuli vya migomba, kutoka Ipinda hadi kuelekea Matema, umesimama mti mwingine ambao ndio unaosomesha watoto wa huko, nao ni mkakao. Tunda lake hupasuliwa, mbegu zikafunikwa kwa majani ya migomba au zikatiwa katika masanduku ya mbao ili zichachuke kwa muda wa siku tano hadi saba, kisha zikaanikwa juani. Kazi hiyo haina mkato. Kilo mbili na nusu au zaidi za mbegu mbichi hutoa kilo moja tu ya kakao kavu, na aliyeharakisha huonekana mara moja katika harufu ya mali yake.

Mkulima huyu huipeleka kakao yake kavu kwenye chama cha msingi cha ushirika. Huko hupimwa na kuandikwa, kisha ikaingizwa ghalani pamoja na ya wenziwe, na stakabadhi ikatolewa, kwa mujibu wa Sheria ya Stakabadhi za Ghala ya mwaka 2005. Chama Kikuu cha Ushirika cha Kyela, yaani KYECU, hukusanya mali ya vyama vya msingi, na Soko la Bidhaa Tanzania, lijulikanalo kwa herufi TMX, huinadi kwa mtandao wa kompyuta. Mnunuzi aliyeko Dar es Salaam, au popote pale, huandika bei yake bila kujua jirani yake ameandika nini. Wa juu ndiye mshindi.

Hatuna budi kusema wazi kwamba jambo hili ni la heri. Zamani mlanguzi mmoja mwenye gari aliweza kuifunga barabara ya kijiji kizima, akatamka bei, na asiyeitaka akarudi nayo nyumbani. Wala Chama na Serikali hatukuwa bila makosa yetu wenyewe. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, mazao yakakabidhiwa mamlaka zilizokuwa mbali na mkulima, na ilipofika mwaka 1982 ikabidi itungwe sheria ya kuvirudisha. Aliyekuwa mkulima wakati ule hajasahau karatasi alizopewa badala ya fedha.

Ndipo lilipo shaka letu. Mnada wa mtandao umeisafisha saa moja ya biashara, yaani saa ya bei. Kabla yake kuna mizani, na baada yake kuna malipo, na hayo mawili bado yako mikononi mwa wanadamu.

Tuanze na mizani. Mwezi Machi 2024 bei ya kakao duniani ilipita dola 10,000 kwa tani, kwa sababu mavuno yalikuwa mabaya nchini Cote d'Ivoire na Ghana, nchi mbili zitoazo zaidi ya nusu ya kakao yote ya ulimwengu. Mwezi Desemba mwaka huo ikapita dola 12,000. Katika mwaka 2025 iliteremka hadi chini ya nusu ya kilele kile. Kwa bei ya Machi 2024, kilo moja ilikuwa na thamani ya zaidi ya shilingi 25,000 katika soko la dunia. Hata kama mkulima hapati zote hizo, kilo moja inayopotea kwa mizani iliyolegea si jambo dogo tena.

Malipo nayo yana kisa chake. Mali ikishauzwa, fedha hutoka kwa mnunuzi, zikapita katika hesabu za ushirika, makato yakakatwa, ndipo zikaingia benki kwa jina la mkulima. Mama mwenye mgonjwa ndani hawezi kungoja safari hiyo ikiwa ni ndefu. Mlanguzi anakuja jioni, anainunua kakao ingali mbichi, kwa bei ya kutupa, lakini fedha taslimu. Kusini, kwenye korosho, ndugu zetu huiita biashara hiyo kangomba. Maofisa huwakimbiza walanguzi kwa vizuizi barabarani, na sisi hatuwatetei hata kidogo. Ila twauliza ni nani aliyewafungulia mlango.

Wakulima wa karafuu wa Pemba watalielewa swali hilo. Miaka mingi magendo yalipigwa vita kwa doria za usiku, na majahazi yakaendelea kuvuka. Mwaka 2011 Serikali ya Mapinduzi ilipoipandisha sana bei ya kununulia, na ZSTC ikalipa, magendo yakapungua kwa kiasi ambacho bunduki haikuwahi kukifikia.

Sisi tuliosoma chuoni kabla ya skuli tulifundishwa mapema kwamba wakala ni mwenye kuchukua amana, na kwamba ujira wake hutajwa kabla ya kazi, si baada yake. Tungependa kuona maofisa wa ushirika wa Kyela, Rungwe na Busokelo wakifanya jambo jepesi. Jioni ya kila mnada, kwenye ukuta wa kila chama cha msingi, ibandikwe karatasi yenye uzito ulioingia ghalani, bei ya mshindi, kila kato na sababu yake, na tarehe ambayo mnunuzi anatakiwa awe amelipa. Tarehe hiyo ikipita, iandikwe kwa wino mwekundu ni siku ngapi zimepita, na jina la ofisi ambayo fedha zimekwama kwake.